Fuvu Lisilotaka Ugomvi

Anastasie hana rula, wala hajawahi kuwa nayo. Hupima kwa shubiri, kwa mkono mpaka kiwiko, na kwa upana wa vidole. Chungu kikishatoka motoni hukipima kwa sikio: hukigonga kwa kifundo cha kidole, huinamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza habari za jirani, kisha husema "kizima" au hasemi kitu. Asiposema kitu, chungu hicho kinaishia kwenye kinu, kinatwangwa kuwa unga wa vigae, na unga huo unachanganywa na udongo wa chungu kinachofuata. Kwa miaka thelathini na minne hajauza chungu kilichopasuka. Watu wa Kasongo wanalijua hilo na wanamsifu kwalo, kisha wanakwenda kuchota maji na bidoni zao za plastiki.

Ana umri wa miaka sitini na mmoja. Anakaa kando ya njia inayotoka Kasongo kwenda Kabambare, katika kiwanja kimoja na mwanawe Blaise, ambaye hubeba abiria kwa pikipiki, na mkewe Blaise, Olga, na mtoto wao wa miezi minane, Sarah-Grâce. Nyuma ya nyumba kuna banda la udongo na mahali pa kuchomea vyungu, shimo la duara ambalo ardhi yake imeungua miaka mingi mpaka ikawa nyekundu kama tofali. Mbele ya nyumba kuna meza ya Olga, na juu ya meza chupa za petroli zimepangwa mstari, kila moja na kizibo chake cha kitambaa.

Petroli na moto havikai kiwanja kimoja. Hilo halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa ni kipi kihame. Olga alisema kwake wanasimama waendesha pikipiki kumi kwa siku, na kwamba kwa mama mkwe, tangu Pasaka, alikuwa amesimama mtu mmoja tu, naye alikuwa amepotea njia. Anastasie alijibu kwamba shimo lile lilikuwapo kabla Olga hajazaliwa. Olga akasema hata malaria ilikuwapo.

Ikabidi Blaise aamue. Aliamua kama anavyoamua mtu anayelishwa na pande zote mbili za kesi: wangoje kiangazi kiishe. Kabla ya mvua ya kwanza, akitokea mtu wa kuagiza chombo, na chombo hicho kikatoka motoni kizima, moto utabaki na petroli itavuka barabara. Asipotokea mtu, au chombo kikipasuka, shimo litafukiwa na banda litakuwa la petroli. Wanawake wote wawili walikubali palepale, jambo lililompa Blaise wasiwasi mwezi mzima.

Juni ilipita. Julai ilipita. Agosti ilikuwa imefika nusu pale Yassine alipobisha hodi.

Yassine ana miaka ishirini na saba na kibanda karibu na soko. Humo huandika barua za watu, huchapa picha na kutia nyimbo kwenye simu. Kompyuta yake ilinunuliwa Uvira na kuja kwa pikipiki. Ilivuka milima salama, ikavuka mito salama, halafu karibu na Wamaza pikipiki iliteleza kwenye tope, na juu ya kompyuta wakaanguka dereva, abiria na bidoni mbili za mafuta ya mawese. Kasha lake la chuma lilikunjika kama kopo la sardini. Vya ndani vilipona. Tangu siku hiyo vimekaa ndani ya katoni ya sabuni, na kwa kuwa katoni ina joto, kuku wa jirani ameshataga humo mara mbili.

"Hodi, Mama Blaise."

"Karibu. Weye njo mutoto wa nani?"

"Wa marehemu Faradji, wa sokoni. Mzee Iliasi njo baba mukubwa wangu."

"Iliasi ule mwembamba?"

"Njo yeye."

Anastasie alikuwa anasugua tumbo la chungu kwa kokoto. Hakuacha kusugua. "Bon. Unatafuta nini?"

"Nataka unifanyizie nyumba ya ordinatere. Ya udongo. Ikuwe kama kichwa cha mufu."

Kokoto lilisimama.

"Ulienda kwa Zéphirin, fundi wa mbao?"

"Nilienda. Anasema yeye anatia fuvu ndani ya sanduku, hageuze sanduku kuwa fuvu."

"Na fundi wa chuma?"

"Ule alifunga mulango."

"Na juu ya nini unataka fuvu? Hakuna kitu ingine chenye kichwa?"

Yassine alieleza. Wezi walikuwa wamevunja kufuli yake mara mbili mwaka huo. "Mwizi wa hapa haogope kufuli, mama. Lakini ukitundika kigae juu ya muti katikati ya mahindi, hagusi hata punje moja. Sasa akiingia usiku akute fuvu, na macho yanawaka?" Alisita kidogo, kwa sababu sehemu iliyofuata ilikuwa ya ufundi. "Tena iko na joto. Inazimika katikati ya barua. Maji ya mutungi wako yanapoa bila feni. Nikasema, pengine na mashini itapoa."

Hoja zote mbili zilikuwa nzuri. Anastasie mwenyewe ana kigae kwenye mti katikati ya muhogo wake, na muhogo haujawahi kuibwa. Lakini si hoja iliyomfanya akubali. Kwenye kona ya nyumba alikuwa amesimama Olga, mtoto mgongoni na faneli ya petroli mkononi, akisikiliza bila kujificha.

"Nitafanya," alisema Anastasie, kwa sauti ya kufika konani.

Yassine akatoa simu amwonyeshe picha. Anastasie aliiangalia kwa adabu, kisha akairudisha.

"Picha haina mugongo," alisema. "Kitu ambacho mukono haujashika, mukono hauwezi kufanya."

Jambo hilo Yassine hakuwa amelifikiria. Aliangalia chini. Anastasie naye aliangalia chini. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutaja mahali mafuvu yanakopatikana, kwa hiyo mazungumzo yakahamia kwenye vipimo. Kesho yake Yassine alileta katoni nzima. Anastasie akatoa kila kitu kimojakimoja, akakipima kama anavyopima udongo. Kadi kubwa ya kijani: shubiri moja na nusu kwa shubiri moja na vidole viwili. Kisanduku cha kupokea umeme: kama tofali dogo. Feni: kiganja. Aliongeza kidole kimoja kwa kila shubiri, kwa sababu udongo hunywea ukikauka na hunywea tena motoni. Mtu asiyejua hilo hutengeneza chungu cha maharagwe akapata kikombe.

Siku ya tatu fuvu lilikuja lenyewe, kwa miguu, na limevaa kofia.

Mzee Iliasi ana miaka sabini na mitatu. Aliuza vitambaa mpaka magoti yalipokataa kusimama dukani, na sasa kazi yake ni kuwa mkubwa wa ukoo. Alikuwa amesikia kwamba mtoto wa ndugu yake ameagiza kichwa cha maiti, naye alikuja kukataza. Alianza na dini, akapita kwa heshima ya familia, akafika kwenye majirani watasema nini. Anastasie hakumsikia. Alikuwa anaangalia. Kwa Kasongo yote hakuna mtu ambaye mifupa yake imebaki karibu na uso kama Iliasi: paji limetoka mbele kama baraza, mashavu yameingia ndani, taya limelalia kushoto kidogo, na mbele, juu, kuna pengo la meno mawili.

"Mzee," alisema alipopata nafasi, "kichwa hakikuumi?"

Iliasi aliwaacha majirani katikati ya sentensi. Kwa kweli kilikuwa kinamwuma tangu mwezi wa Ramadhani, na hakuna mtu wa nyumbani kwake aliyewahi kumwuliza.

"Kinaniuma hapa," alisema, akaonyesha.

"Vua kofia. Lete."

Alikaa kwenye kigoda. Anastasie aliosha mikono kwenye beseni la maji ya udongo, akamshika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea chungu kutoka kwa mwenzake. Alianza kwenye paji, akateremka kwenye mashimo ya macho, akazunguka nyuma ya masikio mpaka shingoni, akarudi. Alirudia mara tatu, polepole. Mikono yake ilikuwa baridi na haikuwa na haraka. Iliasi alifumba macho. Alisema kwamba tangu marehemu mke wake, Mwamvita, hakuna aliyemshika kichwa. Kisha hakusema kitu tena, kwa sababu alikuwa amelala.

Alipoamka maumivu yalikuwa yamekwisha. Alishukuru, akavaa kofia, akaenda zake bila kukumbuka alichokuja kukataza. Anastasie naye hakukumbuka kumwambia alichofanya. Alikuwa ameshakimbilia udongo kabla mikono haijasahau.

Alilijenga fuvu kwa kamba za udongo, moja juu ya nyingine, kuanzia shingoni kwenda juu, kama mtungi uliopinduliwa. Utosini alikata duara, likawa kifuniko, ili mashini iingie na kutoka. Macho aliyatoboa kwa gunzi la mahindi. Pua aliiachia nafasi ya feni. Nyuma, kisogoni, alipiga vitundu ishirini na vinne kwa mwiba wa mchikichi, vya kutolea joto. Meno aliyaweka moja moja. Juu ya yote alipaka udongo mweupe. Ilimchukua siku mbili, na jioni ya pili aliliweka kivulini, akalifunika kwa majani ya ndizi, akaita watu wa nyumba.

"Kuanzia leo," alisema, "hakuna kugombana mu kiwanja hiki. Mupaka litoke motoni."

Sharti hilo alilipata kwa mama yake, ambaye alilipata kwa wake. Udongo mbichi unasikia. Neno la ugomvi linaingia ndani yake kama upepo, linakaa kimya, halafu linatafuta njia ya kutokea wakati wa moto. Mtu aliyesoma atasema chungu hupasuka kwa sababu ya unyevu uliobaki ndani. Anastasie hakatai. Anauliza tu unyevu huo uliingia wakati nani alikuwa anapiga kelele.

"Siku ngapi?" aliuliza Olga.

"Kichwa kikubwa vile? Kumi na mbili."

Ndipo Olga alipoona mtego aliowekewa, ingawa hakuna aliyeuweka. Alilitaka banda. Ili alipate, fuvu lilipaswa kupasuka, na ili fuvu lipasuke ilitosha yeye kufungua mdomo, jambo ambalo kwa kawaida halikumshinda. Lakini akifungua mdomo, na fuvu likapasuka, Kasongo nzima itajua nani amelipasua, na habari itafika Kabambare kabla ya pikipiki ya Blaise. Kulikuwa na njia moja tu ya heshima: anyamaze, na aache udongo ujipasue wenyewe.

Olga akawa na adabu.

Siku ya nne ya kukauka kwa fuvu alipimia petroli kwa beseni la mama mkwe. Kwa miaka iliyopita jambo hilo lingekula siku mbili na kuhitaji wajumbe. Anastasie alinusa beseni, akatoka nje, akaliangalia fuvu chini ya majani yake, akarudi ndani.

"Mama Sarah," alisema, "beseni yangu inanukia."

"Njo vile, mama. Petroli ya siku hizi iko na harufu muzuri."

"Asante kwa kunijulisha."

"Si kitu, mama."

Walitabasamu wote wawili. Blaise aliweka chini tonge alilokuwa anakula na kuangalia mlango, kama mtu anayetafuta njia ya kutokea.

Siku ya sita Anastasie aliunguza sombe, mboga ya majani ya muhogo. "Leo sombe iko na nguvu," alisema Olga, akajipakulia tena. Siku ya nane Anastasie alitaja, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba zamani watoto walikuwa wanapewa jina la bibi yao na si majina mawili yaliyofungwa kwa kamba. Olga alifumba macho, akahesabu kitu kimoyomoyo, akasema Sarah-Grâce anampenda sana bibi yake. Siku ya tisa alivuka barabara kwa rafiki yake Sonia, akaongea nusu saa bila kuvuta pumzi, kisha akarudi na uso laini kama yai. Anastasie hakuwa na Sonia. Alitwanga vigae, na wapita njia walisema mchi ule siku hizo ulikuwa unajibu.

Aliyefaidika ni Blaise. Alianza kurudi nyumbani saa sita mchana, bila sababu. Alinenepa. Yassine alipokuja kutafuta taa za macho, Blaise alifungua mwenyewe taa nyekundu ya nyuma ya pikipiki yake na kumpa, na nyingine akaitoa kwenye pikipiki ya zamani iliyokufa ukutani. Tangu hapo wanaomfuata barabarani hawajui anasimama lini.

Siku ya kumi na tatu, asubuhi, Olga alihamishia chupa zake ng'ambo ya barabara kwa Sonia, kwa usalama. Anastasie alilitoa fuvu kivulini. Halikuwa na ufa hata wa unywele. Aliliweka juu ya mawe matatu ndani ya shimo, kifuniko kando yake, akawasha moto mdogo wa magome wa kulipasha kwanza, kwa sababu chombo kikubwa kikiingia motoni ghafla kinashtuka kama mtu. Yassine alikuwapo. Blaise alikuwapo, kama hakimu. Na njia ya Kabambare ilimleta Mzee Iliasi, aliyekuwa amekuja kwa sababu kichwa kilikuwa kimeanza kumwuma tena.

Alisimama kando ya shimo. Aliangalia. Ulimi wake, bila yeye kuuambia, ulikwenda kugusa pengo.

"Mama Blaise. Huyu ni nani?"

"Fuvu."

"La nani?"

"Halina mwenyewe."

"Liko na mwenyewe. Liko na meno yangu."

"Liko na pengo lako, mzee. Meno yenyewe huna."

Anastasie alijuta neno hilo kabla halijafika kwa mwenyewe. Alibana midomo, akachukua gome jingine, akaliweka motoni taratibu. Iliasi sasa alikuwa ameona taya pia.

"Mimi nilikuja na maumivu, nikapewa mikono," alisema, na sauti ikaanza kupanda. "Kumbe nilikuwa napimwa. Mutu anapimwa akiwa muzima, anachomwa akiwa muzima, tena muke wa watu anasema sina meno. Kesho mutanipeleka makaburini mukisema munaenda kuangalia kama shimo linanitosha. Yassine, weye unacheka?"

Yassine hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia moto. Hakuweza kumjibu baba yake mkubwa. Anastasie hakuweza kumjibu mtu yeyote, maana angejibu ungekuwa ugomvi, na magome yalikuwa yameshika. Blaise alikuwa hakimu. Iliasi, kwa kukosa mpinzani, alizidisha sauti, na wapita njia wakaanza kusimama.

Olga alitoka upande wa nyumba, mtoto mgongoni na faneli mkononi.

"Mzee Iliasi," alisema, kwa upole.

"Usiingilie, mwanangu."

"Mzee Iliasi. Miye nimemeza maneno siku kumi na mbili." Upole ulikuwa bado upo, lakini ulikuwa unachemka pembeni. "Kumi na mbili. Nimemeza ya beseni. Nimemeza ya sombe. Nimemeza ya jina la mutoto wangu, kwamba limefungwa na kamba. Tumbo langu limejaa maneno kama gunia la mahindi, sina hata nafasi ya kula. Na weye unafika leo, siku ya moto, na pengo lako, unataka kumwaga kazi yangu yote? Kichwa chako kilikuwa na kazi gani tangu uzaliwe? Kilikuwa kinabeba kofia. Leo kimepata kazi. Kaa chini."

Mzee Iliasi alikaa kwenye gogo.

Hapo Olga akasikia jinsi kulivyokuwa kimya, na katika ukimya huo akasikia ukubwa wa sauti yake mwenyewe, ambayo ilikuwa bado inarudi kutoka ng'ambo ya barabara. Aligeuka kuangalia moto. Wote wakageuka kuangalia moto. Na ndani ya moto kitu kikasema: ta.

Hakuna aliyesema neno mpaka saa tisa. Anastasie alipanga kuni, akaongeza majani makavu, akaacha moto ukue, akauacha ufe. Vilipopoa vya kutosha alilitoa fuvu kwa mti mrefu, kisha kifuniko. Fuvu lilikuwa zima: paji, macho, taya la upande, pengo. Aliligonga. Lililia kama kengele ndogo ya misa.

"Kizima," alisema.

Akachukua kifuniko. Katikati yake, kutoka mbele kwenda nyuma, kulikuwa na mstari mwembamba uliopinda-pinda kama njia ya mchwa. Alikigonga. Aliinamisha kichwa. Hakusema kitu.

Nyumba ile inajua maana ya Anastasie kutosema kitu. Blaise aliangalia kinu. Yassine aliangalia katoni yake. Anastasie mwenyewe alikuwa anaangalia shimo, ambalo miaka thelathini na minne ilikuwa ndani yake, na hakumtazama Olga, maana angemtazama angesema.

Olga ndiye aliyekuwa na banda sasa. Alilipata, na alilipata kwa kupiga kelele juu ya moto mbele ya watu wasiopungua ishirini. Aliwaangalia watu hao, ambao hawakuwa wameondoka. Baadhi yao walikuwa wateja wake. Alifungua kitenge, akamshusha mtoto kutoka mgongoni, akamsogeza mbele ya mama mkwe.

"Mama, gusa hapa."

"Namujua mutoto."

"Gusa tu."

Anastasie aliweka kidole juu ya kichwa cha Sarah-Grâce, pale katikati panapopiga taratibu kama pumzi.

"Kila kichwa kiko na mustari," alisema Olga. "Mifupa inakutana pale. Huyu wa kwake haujafunga bado, na wa Mzee Iliasi umefunga zamani, lakini uko. Hiyo si ufa, mama. Hiyo njo utosi."

Yassine alishatoa simu. Aliikuza picha, akaikuza tena, akaigeuzia Blaise. Kwenye fuvu la picha, mahali palepale, kulikuwa na mstari uleule, umepinda-pinda vilevile.

Mwingine angeshika neno hilo akashukuru. Anastasie alisema utosi na ufa vina namna moja ya kutofautishwa. Alikipindua kifuniko kikawa kama bakuli, akaomba maji. Olga alikimbia kuyaleta, ndani ya beseni lile lile. Anastasie alikijaza mpaka ukingoni, akakiweka juu ya mawe mawili, akatandaza chini yake ganda la mgomba lililokauka ili tone lolote lionekane.

Walingoja. Blaise alisema baadaye kwamba hajawahi kungoja kitu namna ile, hata Sarah-Grâce. Olga alikuwa amepiga magoti, shavu karibu na ardhi, akichungulia chini ya kifuniko. Udongo ulitoa jasho kidogo pande zote, kama mtungi wowote mpya. Kwenye mstari hakukutoka tone. Ngozi nyeupe ya juu ndiyo iliyoachana. Mwili ulikuwa umeshikana.

Anastasie alimwaga maji, akakigonga tena, akasikiliza muda mrefu kuliko kawaida.

"Kizima," alisema.

"Munaona?" alisema Mzee Iliasi kutoka kwenye gogo, ambako hakuna aliyekuwa amemruhusu kusimama. "Kichwa changu hakipasuke ovyo."

Sasa fuvu liko kwenye meza ya Yassine karibu na soko. Nyaya zinatokea shingoni, feni inazunguka puani, macho mekundu yanawaka jenereta ikiwaka. Mashini haijazimika katikati ya barua hata moja. Mwizi hajaonekana. Wateja wanaoingia husema "Jambo, Mzee Iliasi," na jibu huja kutoka kwenye kiti cha pembeni, ambako mwenyewe hukaa kila alasiri akiwa amevua kofia, ili watu walinganishe. Mnunuzi mmoja wa dhahabu wa Salamabila ametuma habari kwamba anataka la kwake, lakini lisiwe na pengo. Iliasi amemjibu kwamba bila pengo hakuna mkataba. Anastasie hajaulizwa.

Petroli iko ng'ambo ya barabara, kwa Sonia, ambako Olga anasema jua ni kali. Jioni ileile ya moto, fuvu likiwa limeshaondoka, Anastasie aliosha mikono, akakaa, akasema: "Sasa, mama Sarah, ile beseni." Walianza na beseni. Usiku ulipoingia walikuwa wamefika siku ya sita tu, kwenye sombe, na jina la mtoto lilikuwa bado halijaguswa. Blaise alikula nje.

Iliendelea hivyo siku nne. Siku ya tano, asubuhi na mapema, Blaise alichukua pikipiki yake isiyo na taa ya nyuma, akaenda mpaka kingo za mto ambako mama yake huchimba, mahali ambapo katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kwenda bila kutumwa. Alirudi na magunia mawili ya udongo yamefungwa nyuma. Aliyashusha bandani, akajipangusa mikono, akasimama.

"Mama," alisema, "na kikifanyizwa kikubwa zaidi? Kuliko cha Iliasi?"

Anastasie alinyoosha mkono, akapima hewani kwa shubiri, akafikiri.

"Kukauka? Siku ishirini. Ishirini na tano."

Blaise aliangalia nyumba, ambamo Olga alikuwa anamaliza sentensi iliyoanza jana. Kisha akawasha pikipiki, akarudi mtoni kuleta gunia la tatu.